Neno Aliloliacha Hamad

Wakili Msellem aliuliza swali lile lile kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Mwanawema akatazama vidole vyake badala ya kujibu.

"Siku Hamad alipokufuata Gando," alisema wakili, "alitamka nini?"

Swali lilikuwa dogo. Mwanawema alikuwa amejitayarisha kwa makubwa zaidi: nyumba ya Wawi ilijengwa lini, mikarafuu ilipandwa na nani, marehemu alikuwa anadaiwa au hakuwa anadaiwa. Hayo yote aliyajibu bila kusita. Hili moja hakulitarajia.

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa juu ya duka la vitambaa, katikati ya Chake Chake, na harufu ya karafuu zilizoanikwa vibarazani ilipanda mpaka dirishani. Msimu ulikuwa bado haujafungwa. Kila alikopita, Mwanawema alikutana na harufu ya kitu kilichomuua mumewe.

Kama alikuwa mumewe. Hilo ndilo lililomleta pale.

Mambo yenyewe hayakuwa mengi. Mwaka uliopita Hamad Shaame alimwacha kwa talaka moja, barazani kwa mama yake, mbele ya nduguye Bakar na jamaa wengine, baada ya Mwanawema kumjibu mavyaa wake, mama huyo wa Hamad, mbele ya wageni. Mwanawema akafunga vitu vyake, akarudi Gando kwa shangazi yake aliyemlea, kama wafanyavyo wanawake wa huko wanapoachwa. Kabla eda haijaisha Hamad akamfuata, akamrudisha Wawi. Wakakaa pamoja miezi mingi, wakacheka, wakagombana kidogo, wakaipaka nyumba chokaa upya. Kisha msimu ulipofunguka, tawi la mkarafuu likakatika na Hamad akaanguka. Alifikishwa hospitali akiwa anapumua. Alasiri ilipoadhiniwa alikuwa hapumui tena.

Maiti ilipelekwa kwa mama yake. Mwanawema alipofika, viatu hana, Bakar alimzuia mlangoni. Hakuwa mkali. Kwa sauti ya chini alimwambia kwamba talaka ilisikiwa na watu, rejea ya kumrudisha haikusikiwa na mtu, na kwamba mwanamke aliyeachwa eda ikamwishia hana haki ya kumtazama mwanamume asiyekuwa wake. "Usitutie makosani, dada," alisema. Uso wa Hamad hakuuona.

Tangu siku hiyo alikuwa Gando tena, hapaki wanja wala hagusi udi, akikaa eda ya mtu ambaye jamaa zake walisema hakuwa wake. Majirani walikuwa na neno juu ya jambo hilo. Walisema: kama rejea haikuwapo, basi ile miezi ya Wawi ilikuwa nini? Hakuna aliyemalizia kulijibu swali hilo. Halikuhitaji.

"Mwambie alisema amekurejea," alisema Bi Mwanapili.

Shangazi alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Alikuja kwa sababu haipendezi mwanamke mwenye eda kuingia peke yake ofisini kwa mwanamume, na pia kwa sababu Bi Mwanapili hakuwa tayari kulikosa jambo lolote.

"Shangazi."

"Shangazi nini? Nani alikuwapo? Mie nilikuwa uwani nakuna nazi, sikusikia kitu, na nitaapa kwamba sikusikia kitu. Nafasi unayo." Akamgeukia wakili. "Mtu katoka Wawi kwa baiskeli, tairi imemtoboka pale Wete, kaisukuma mpaka kwetu. Hivi mwanamume anasukuma baiskeli hivyo kwa mwanamke asiyemtaka?"

Msellem alisema kwamba hana shaka na baiskeli. Lakini yeye hamfundishi mteja la kusema. Anataka kujua lililosemwa. Katika madhehebu ya Shafi, alieleza, mume hamrejei mkewe kwa kumbebea mzigo wake, wala kwa kulala naye chini ya dari moja. Hurejea kwa kutamka. Mashahidi ni vizuri wakiwapo, lakini si sharti. Sharti ni tamko. Na majirani wa Wawi wakienda mahkamani kusema waliwaona wakiishi pamoja, hawatamsaidia. Kama tamko halikuwapo, ushahidi wao utamharibia jina tu.

Aliyasema haya polepole, kalamu mkononi, bila kumtazama usoni. Alikuwa hajamtazama usoni tangu aingie.

"Alinikuta ukumbini napepeta mchele," alisema Mwanawema. "Hakukaa. Hakuomba hata maji, na jasho lilikuwa linamtiririka. Alitazama juu, akasema, 'Twende zetu, mvua inakuja.'"

"Halafu?"

"Nikaenda."

Chini, dukani, mtu alikuwa akipasua kitambaa.

"Njiani hakusema jingine? Usiku ule? Siku zilizofuata?"

"Hamad hakuwa mtu wa maneno. Alisema mchuzi umekolea. Alisema paa linavuja pale pale." Akaikunja ncha ya baibui lake. "Nilijua nimerejewa. Sikujua kama kuna neno lake."

Msellem aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini. Alisema kwamba 'twende zetu' si tamko la wazi. Mtu anaweza kumwambia mkewe, anaweza kumwambia dada yake. Kadhi atauliza aliyesema alikusudia nini. "Na mwenye nia," alisema, "ameshazikwa."

Bi Mwanapili akafyonza. "Basi si abadilishe."

"Shangazi, nikisema alisema neno jingine, nitaapishwa nalo." Mwanawema aliongea kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo mara nyingi akiwa peke yake. "Nikishaliapia ndilo litakalokuwa. Watu watalirudia, na mie nitalirudia, mpaka mwisho nitaamini. Hili langu nitakuwa nimelitupa. Nguo zake wamezichukua, nyumba wameifunga, uso wake walinikataza. Nimebaki na 'twende zetu, mvua inakuja.' Silibadilishi, hata kwa nyumba."

Hapo ndipo Msellem alipoinua macho.

Walikuwa wamesoma darasa moja Wete. Msellem alikaa dawati la nyuma ya Mwanawema, na kwa muhula mzima alikuwa akimwazima kitabu cha jiografia ambacho yeye mwenyewe alikihitaji. Mwanawema aligundua, kama wasichana wanavyogundua, na kwa muhula mmoja alingoja aambiwe jambo. Hakuambiwa. Msellem akavuka kwenda Unguja kusomea sheria. Aliporudi na shahada yake alikuta harusi ya Hamad imeshapita. Mtazamo ule wa darasani Mwanawema aliutambua sasa, haukuwa umezeeka hata kidogo, na ulimtia huzuni juu ya huzuni.

Kwa sababu kulikuwa na jambo jingine, nalo halikuhitaji wakili kulieleza. Akiwa si mjane wa Hamad, basi hana eda ya mtu. Yu huru tangu zamani. Mwanamume yeyote angeweza kutuma wazee wake Gando hata kesho. Msellem alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle chumbani. Na bado aliinamisha kichwa tena, akafunua ukurasa mwingine, akaanza kutafuta njia ya kumfanya mjane wa mwanamume mwingine.

"Kuna jambo moja," alisema baada ya muda. "Rejea haihitaji mke aisikie. Haihitaji hata awepo. Mume akiitamka akiwa kondeni peke yake, imesihi, inahesabika. Tatizo ni kuijua." Aligonga kalamu juu ya jalada. "Kabla hajaja Gando, Hamad alikuwa akikaa wapi?"

"Nyumbani kwetu. Lakini akila kwa mama yake, kwa sababu nyumba ilikuwa haina mtu wa kupika."

"Na siku ile aliyokuja?"

Mwanawema alifikiri. "Atakuwa ametokea huko. Alikuwa na kanzu yake ya kwendea kwa mama."

"Baada ya kukurudisha, aliendelea kwenda kula kwa mama yake mara moja moja?"

Alifungua kinywa kusema ndiyo, kwa sababu ndivyo wanavyofanya watoto wote wa kiume wa Wawi, hata wenye wake. Kisha akakifunga. Hakukumbuka siku hata moja. Hata sikukuu. Aliwahi kumuuliza, na Hamad akajibu kwamba ameshashiba huko.

Msellem alifunga jalada. "Basi sote tumekuwa tukimuuliza mtu siye," alisema.

*

Kadhi alikuwa amekwisha kuwataka wakae sulhu kabla ya kulisikiliza shauri la mirathi, kwa hiyo haikuwa shida kupata ruhusa. Msellem alimpigia simu Bakar. Bakar akasema waje baada ya sala ya adhuhuri.

Uani kwa Bi Masika, mama yake Hamad, karafuu zilikuwa zimetandazwa juu ya jamvi, na hakuna aliyekuwa akizigeuza. Mama mwenyewe alikuwa ukumbini, amekaa juu ya mkeka, mgongo umenyooka, tasbihi mkononi. Alikuwa amekonda. Mwanawema alimkumbuka mwanamke mwenye mashavu na sauti ya kufukuzia kunguru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Masika aliuambia ukuta.

Bakar alimpa wakili kiti, akawaletea wanawake mto wa kukalia, akauliza hali zao, moja baada ya moja. Alikuwa mtu wa adabu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwa Mwanawema. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

"Naona watu wa kuja hawachoki njia," Bi Masika alisema, bado kwa ukuta.

"Hatuchoki, mwenzangu," alijibu Bi Mwanapili, akijiweka sawa juu ya mkeka. "Babu yangu alivuka bahari kuja kupalilia mikarafuu ya babu yako. Alipalilia vizuri, ndiyo maana mpaka leo mnachuma."

Mdomo wa Bakar ulitikisika kidogo. Wa mama yake haukutikisika. Neno hilo la watu wa kuja ndilo lililoanzisha yote. Ndilo Bi Masika alilolisema mbele ya wageni mwaka ule, akimtaja marehemu baba yake Mwanawema, na Mwanawema, aliyekuwa amelisikia tangu siku ya harusi na kulimeza kila mara, siku ile hakulimeza.

Msellem alianza na Bakar. Alimwomba aeleze alilolijua, si alilolidhani. Bakar akaeleza vizuri. Talaka aliisikia kwa masikio yake, na wenzake waliisikia. Rejea hakuisikia. Nduguye alipomrudisha mke, yeye alimuuliza, kwa kuwa mambo haya ni ya dini na hayachezewi: je, umemrejea kisheria? Hamad akacheka.

"Akasema nini?" aliuliza Msellem.

"Akasema, 'Kamuulize mama.' Nikaona ananitania. Mama hakuwa akimtaka yule bibi, nimuulize nini?"

"Hukumuuliza."

"Nilimuuliza baada ya maziko. Alisema hakusikia kitu." Bakar alimtazama wakili machoni. "Mama yangu hasemi uongo, bwana."

Shanga za tasbihi zilikuwa zikipita vidoleni mwa Bi Masika, moja, moja, moja. Msellem alimgeukia, akaanza kwa kumpa pole, lakini mama hakumsubiri amalize. Aligeuka kutoka ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama mkwewe.

"Weye," alisema. "Weye alikwambia nini?"

Mwanawema alihisi kidole cha shangazi kikimfinya ubavuni, kwa nguvu. Alielewa finyo lile. Wenye nyumba wote walikuwapo, wakili alikuwapo; neno moja hapa lingeenda mpaka kwa kadhi likiwa limeshakomaa.

"Hakuniambia kuwa amenirejea, mama," alisema. "Aliniambia twende zetu, mvua inakuja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Na umepanda gari, umekuja na wakili, kuja kuniambia kwamba hukusikia?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Bi Masika alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, mtu yeyote angeliona hilo. Alikuwa ameketi pale siku zote hizo akiungoja uje, ili aukane kwa moyo mweupe. Sasa mlango aliokuwa ameegemea ulikuwa umefunguliwa kwa ndani.

Shanga zikasimama.

"Alilisema hapa," alisema. "Pale alipokaa mwanasheria."

Bakar aliinua kichwa. "Mama."

"Nyamaza, Bakar. Nikinyamaza tena sitasema." Alivuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso. "Nilimpakulia wali na mchuzi wa pweza. Akaniambia anataka kumfuata mkewe. Nikamwambia, ukimrejea yule mwanamke, chakula changu usikile tena, na radhi zangu huna. Alikuwa ameshanawa. Akanitazama. Akalitamka lile neno, akanyanyuka, akaenda zake. Sahani ikabaki vile vile, tonge moja limeshakatwa."

Hata Bi Mwanapili alitazama chini.

"Hakurudi tena kula hapa. Nami sikumwita. Nilisema atarudi, mwana harudi wapi." Sauti yake haikupanda wala haikushuka, ilikuwa kama anasoma. "Msimu ukaja. Akapanda mkarafuu wangu, sikumtuma. Nikaletewa maiti. Na kila aliyeingia kunipa pole ananiuliza, mwanao una radhi naye? Nikasema ninazo. Nimesema kwa watu wote wa Wawi. Sasa nikisema kwamba rejea niliisikia, nitaulizwa niliisikia wapi, na lini, na ilikuwaje. N'mvyaa mwenyewe kwa uchungu wangu, nikamfukuza kwenye sahani."

Bakar alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Msellem aliuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kuvunja kitu, kama mama anaweza kulirudia neno lenyewe. Bi Masika akatikisa kichwa. Alisema atalisema mbele ya kadhi, Mungu akimpa nguvu. Si hapa, mbele ya wanaume wamekaa. Wakili akasema inatosha kwa leo. Kwa ikrari ya mama, kukiri kwake mwenyewe, na Bakar asipoipinga, kadhi hatakuwa na haja ya kuhangaika.

"Siipingi," alisema Bakar.

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na ufunguo uliofungwa kwa uzi mwekundu. Ulikuwa uzi alioufunga Mwanawema mwenyewe, ili Hamad asiupoteze. Aliinama, akauweka juu ya mkeka mbele yake.

"Wa nyumbani kwako, shemeji," alisema, na neno hilo la mwisho lilimtoka kwa taabu. "Nilikuzuia mlangoni. Nilidhani nafanya haki."

Mwanawema hakuugusa ufunguo. Alikuwa ametaka jambo hili kwa kila pumzi tangu siku ya msiba, na sasa lilipokuja lilikuja na uzito wake wote. Mpaka asubuhi ile alikuwa na la kupigania. Kuanzia sasa alikuwa na maiti tu. Na mbele yake alikaa mwanamke mwingine mwenye maiti ile ile.

"Mama," alisema, "alikuwa akipita hapa."

Bi Masika aligeuza shingo.

"Kila alfajiri, akitoka msikitini. Njia ya kwetu si hii, alikuwa akizunguka. Husimama kule nyuma ya jiko mpaka akusikie umekohoa, au unafukuza kuku. Ndipo aje nyumbani. Na akiingia, kabla hata ya salamu, huniambia, 'Mama yuko mzima.'"

"Nani alikwambia?"

"Yeye. Nilimuuliza mbona umande umemjaa miguuni."

Macho ya mama yalimkagua uso, taratibu, kama mtu anayechagua karafuu nzuri na mbovu. "Hunipozi tu, ili nisilie?"

"Mama, ningekuwa mwongo, ningeanza na langu."

Bi Masika aliinua mkono kama anayetaka kulizuia jua. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka, ukatua juu ya goti la mkwewe. Haukuwa mkono wa kubembeleza. Ulikuwa umeshika kitambaa cha baibui kwa nguvu, na haukukiachia.

*

Wakili alivalia viatu barazani. Mwanawema alisimama ndani ya mlango, shangazi akiwa kati yao, na Msellem akaeleza yaliyobaki akiwa anazungumza na Bi Mwanapili, au na kamba za viatu vyake. Eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama mke alikuwa mbali, hata kama watu walimkatalia. Kwa hiyo siku alizokaa Gando hazikupotea. Zilizobaki atazimalizia nyumbani kwa mumewe, na hakuna wa kumtoa. Kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto, fungu la mjane ni robo. Mengine yataandikwa na mahkama.

"Nikihitaji jambo nitampigia simu Bi Mwanapili," alisema. "Si vyema niwe nakuja."

"Ahsante, Msellem," alisema Mwanawema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu, kama darasani. Msellem alisita, kamba moja bado haijafungwa. Alikuwa na jambo mdomoni; Mwanawema aliliona pale, limekaa, kama alivyoliona miaka ile juu ya kitabu cha jiografia. Alikuwa mtu ambaye kazi yake ni kuwauliza watu walitamka nini. Alifunga kamba, akawaaga, akashuka ngazi. Gari liliposhika njia ya Chake Chake, hakugeuka.

Bi Mwanapili alilitazama mpaka lilipopotea. "Huyu naye," alisema, na mara hii hakumalizia.

Ilikubaliwa kwamba Mwanawema apumzike kwa Bi Masika mpaka jua lipungue, kisha Bakar na shangazi wamfungulie nyumba. Alipelekwa chumba cha ndani. Alikijua chumba kile bila kuambiwa: kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati kwa ajili ya kumweka marehemu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukirudisha ukutani.

Baada ya muda Bi Masika aliingia na sahani ya wali. Aliiweka chini. Hakuna aliyeinyoshea mkono. Nje, Bakar alikuwa ameanza kuzigeuza karafuu, na mchakacho wake ulisikika juu ya jamvi.

"Mama," alisema Mwanawema. "Niambie alivyolisema."

"Nimeshasema."

"Ulisema ulilisikia. Hukulisema."

Bi Masika alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliweka viganja juu ya mapaja, akatazama mlango wa kwendea ukumbini. Alipofungua kinywa, sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, yenye kuburura kidogo mwishoni, sauti ya mtu asiyependa kusema sana; na Mwanawema aliijua.

"'Nimemrejea mke wangu, mama.' Hivyo. Hakupandisha sauti."

Mwanawema alifumba macho. Neno lilikuwa limetamkwa katika nyumba ile ile, siku ambayo yeye alikuwa Gando akipepeta mchele. Lilitangulia kabla ya baiskeli, kabla ya tairi kutoboka, kabla ya mawingu. Hamad alipofika ukumbini kwa shangazi hakuwa amekuja kumrejea. Alikuwa amekuja kumchukua mkewe, na hakuona haja ya kusema jambo ambalo lilikuwa limeshakwisha.

"Tena, mama."

Bi Masika akalisema tena.

"Tena."

Safari hii lilianza vizuri. "Nimemrejea," alisema mama, kisha midomo ikamwacha, na sauti ya mwanawe ikampotea. Akabaki ameshika ukingo wa kitanda, akipumua. Mwanawema alisogea, akamwegemeza mama kichwa begani mwake, na lile neno ambalo hakuna aliyemwita nalo tangu Hamad aanguke akalimalizia yeye.

"Mke wangu," alisema.